Waya Mweupe wa Bi Ghanima

Nguvumali ya Tanga, miaka ile, ukipoteza sindano asubuhi, kufika adhuhuri mtaa mzima unajua kama ilikuwa na kutu au haikuwa nayo. Basi waya wa Bi Ghanima ulipopotea hapakuwa na baraza lisilouzungumza, na katika wote waliouzungumza hakuna aliyetikisa kichwa kwa masikitiko kumshinda Bakar, fundi redio. Na Bakar ndiye aliyeuchukua.

Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu wa ruksa ya biashara. Foleni za sabuni zilikuwa zimekwisha, madukani mlikuwa na vitu tena, na wenye watoto Uarabuni walianza kupokea maboksi. Bi Ghanima alikuwa na mtoto mmoja tu, Nadir, aliyekuwa Maskati, na Nadir alimpelekea mama yake televisheni. Haikuja tupu. Ilikuja na antena ya kufunga juu ya mlingoti, na bunda la waya wa antena mita thelathini, ule mnene wenye uzi wa shaba katikati na msuko wa nyuzi kuuzunguka, ambao mafundi huuita koaksia. Tanga yote, kwa aliyebahatika kuwa nao, waya huo ulikuwa mweusi. Huu ulikuwa mweupe kama meno ya mtoto.

Kazi walipewa watu wawili. Fanueli, seremala wa Kibondei kutoka Muheza, alisimamisha mti wa mkoko nyuma ya nyumba. Bakar akapanda, akafunga antena, akateremsha waya mpaka chumbani. Picha ya kituo cha Unguja ilipotokea, vigelegele vilisikika hadi msikitini. Bi Ghanima akagawa halua. Waya ulitumika mita kumi na mbili. Kumi na nane zilizobaki zikaviringwa, zikatundikwa kwenye msumari wa ukumbini.

Huyu Bakar ajulikane vizuri. Mzaliwa wa Pemba, aliletwa Tanga na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa na redio ya kuitana katika shamba moja la mkonge. Mkonge ulipoanguka bei shamba likafa, lakini ugonjwa wa redio ukambakia. Padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mtambo wake mkuukuu wa kurushia sauti, kitabu, na njia ya kupatia leseni. Leseni ile Bakar aliitia fremu, akaitundika karibu na picha ya Makka. Ilimruhusu kuzungumza hewani na watu wa dunia nzima wenye ugonjwa kama wake. Hawauziani kitu, hawalipani. Wanaulizana jina, mji, na vifaa, wanaagana.

Kilichomkwamisha ni antena. Masafa aliyoyataka yalihitaji waya ulionyooka mita ishirini, na ua wake, toka pembe ya choo mpaka ukuta wa jirani, ulikuwa hatua kumi na mbili. Jirani mwenyewe, Bi Semeni, alikwisha kusema: waya wowote utakaovuka juu ya kuku wake ataukata kwa kisu cha kuparia samaki.

Kitabu cha padri kilikuwa na dawa. Antena hufupishwa. Unakata kipande cha bomba la plastiki, unauzungusha waya wa koaksia juu yake kama uzi kwenye kibiringo, halafu uzi wa ndani wa ncha hii unauunga na msuko wa nje wa ncha ile. Kila mkono wa antena unaupa kibiringo chake. Mawimbi yakifika pale yanazunguka na kuzunguka, yanatoka yakidhani yamekwenda mbali. Antena fupi inafanya kazi ya ndefu.

Koaksia sasa aipate wapi? Miaka miwili aliitafuta, hata kwa wanaovusha mali mpakani Horohoro. Na siku ile, akiwa ukumbini kwa Bi Ghanima, akaiona imetundikwa, mita kumi na nane, haina kazi.

Angaliiomba, angalipewa. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye. Bi Ghanima hakuwa mtu wa kunyima; mwanamke anayegawa halua kwa watoto asiowajua atanyima waya? Lakini Bakar alikuwa amekwisha kujisifu kinyozini, mbele ya watu wazima, kwamba wenzake wa Ulaya humletea vifaa kwa posta, vingine hata hajavifungua. Aliyesema hivyo aonekane leo amesimama mbele ya ajuza anaomba kipande cha waya? Akangoja Fanueli ameinama kunawa mikono, akautia mfukoni mwa zana, chini ya koleo, akaaga kwa heshima.

Kwa siku mbili alijifungia. Akakata, akazungusha, akaunga, kisha akavifunika vibiringo vyote na waya wote kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, pasionekane pembe ya weupe. Akaitundika antena toka choo mpaka mpapai.

Bi Semeni akachungulia juu ya ukuta. "Baba Rahila, umeanika matumbo ya mbuzi?"

"Mitambo hiyo, jirani."

"Haya. Yakianza kunuka utaniambia."

Lakini matumbo yale yalifanya kazi. Jioni ya kwanza alimpata mtu wa Nairobi, ya pili mtu wa Bombei, na ya tatu, sauti safi kama ya mtu aliyeko dirishani, akampata Hilal wa Maskati, ambaye wazee wake walitoka Pemba na Kiswahili chake kilikuwa cha Wete kabisa. Bakar alicheka peke yake chumbani mpaka mkewe Saleha akaja kumtazama.

Wiki hiyohiyo, Bi Ghanima aliunyoshea mkono msumari wa ukumbini akaukuta mtupu.

Nia yake ilikuwa njema, na hiyo ndiyo iliyowauma watu. Chumba chake kilikuwa hakitoshi. Wanawake walikuwa wakiketi wamebebana, watoto wananing'inia madirishani, wengine wanahadithiwa picha na waliotangulia. Akaona heri aitoe televisheni uani, aunge waya uliobaki, kila mtu aone. Kwa hiyo aliyeiba waya hakumwibia Bi Ghanima. Aliwaibia Nguvumali nzima nafasi yao uani.

Siku ile walikuwamo mafundi wangapi? Wawili. Na Bakar vifaa vyake si vinatoka Ulaya, vingine hata hajavifungua? Akabaki nani?

Fanueli alipoambiwa alicheka kwanza, akadhani mzaha. Halafu akasema, "Mti wa mkoko niliuweka mimi, uko palepale. Ningekuwa mwizi ningeanza na mti." Haikumsaidia. Mtu mmoja akaja kuchukua mbao zake kabla hazijawa kabati. Mwingine, aliyekuwa akimuoza binti yake, akaondoa kitanda cha harusi kikiwa na miguu mitatu, akampa seremala wa Chumbageni amalizie.

Kinyozini wakamwuliza Bakar, maana siku ya kufunga antena alikuwapo. Kiwembe kilikuwa shavuni; angaliweza kukaa kimya na pasingekuwa na lawama. Akasema, "Binadamu, ndugu yangu. Mja hana siri, Mungu ndiye ajuaye." Wote wakaelewa alivyotaka waelewe. Alipotoka pale alihisi uso unamwasha, akasingizia kiwembe.

Ndipo Bi Ghanima alipotangaza Albadiri. Ijumaa, baada ya sala, masheikh watakuja kwake, ubani utawashwa, na aliyechukua waya atasomewa. Wanaojua wanajua: mwizi aliyesomewa huvimba tumbo, au hupotewa na akili, au humwona mtoto wake akiondoka. Hakuna anayeomba kuona.

"Fanueli si Mwislamu, itamshika?" Saleha aliuliza wakiwa mezani.

"Albadiri haitazami dini," Bakar alijibu, akalirudisha tonge la wali sahanini.

Akamtazama binti yake Rahila akichambua samaki, akaondoka mezani.

Angaliweza kuurudisha? Ulikuwa vipande: viwili vimezungushwa mabombani, kimoja kirefu kinashuka toka antena mpaka dirishani. Akatafuta njia nyingine, njia ya mtu mwenye haya asiyetaka kuaibika. Hilal alikwisha kumwambia kwamba anamjua Nadir, wanasali msikiti mmoja. Simu ya Maskati ilikuwa ya kuandikisha posta na kungoja mpaka usinzie, na Bi Ghanima alikuwa hajaisikia sauti ya mwanawe tangu mwaka juzi. Bakar akapanga na Hilal: Alhamisi, baada ya alasiri, amlete Nadir. Alidhani akimpa mama sauti ya mtoto, waya utakuwa umelipika, na labda moyo wake ukilainika ataifuta Albadiri mwenyewe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Kesho jioni njoo kwangu. Utazungumza na Nadir."

Bi Ghanima akamshika mikono yote miwili, akaibusu. Mikono ileile.

Bakar alimwalika mtu mmoja. Wakaja thelathini. Bi Ghanima hakuwahi kula tende peke yake, sembuse kuisikia sauti ya mwanawe. Akaja na sinia la kashata na buli la kahawa, na nyuma yake mtaa. Bi Semeni akaketi mlangoni pa choo, juu ya ndoo, maana ndipo palipobaki. Mtambo ukatolewa ukawekwa juu ya meza dirishani, na Bi Ghanima akapewa kiti chini kabisa ya kibiringo kimoja. Wiki nzima jua la Tanga lilikuwa limeyeyusha gundi. Bakar alipoinua macho aliona utepe mweusi umeachia, umening'inia shubiri moja, na nyuma yake kunang'aa weupe. Juu ya ushungi wa mwenyewe.

Akaketi mtamboni. Akaita. Maskati ikaitikia.

"Bakar, Bakar, hapa Hilal. Nakupata vizuri sana. Nadir yuko hapa. Ova."

Ova ni neno lao la kumpa mwenzio zamu. Bakar akamwonyesha Bi Ghanima kitufe cha kubonyeza, akambonyezea. Bi Ghanima akasema, "Nadir?" basi, asiendelee. Ikaja sauti ya mwanawe: "Shikamoo mama. Mama, unanisikia?" Wanawake wakafuta macho kwa kanga. Mama akasema marahaba mara tatu, akauliza unakula nini, nani anakufulia, mbona sauti yako nyembamba. Yakapita kama dakika kumi ambazo Bakar alisahau dhambi yake, akajiona mtu wa maana kuliko wote Nguvumali.

Kisha Hilal akarudi.

"Bakar, kabla hatujaachana. Sauti yako inafika hapa kama ya mtu wa jirani, na uliniambia ua wako hatua kumi na mbili. Wenzangu wa huku wamekataa kuamini. Tuambie antena yako umeijenga vipi, na waya gani. Ova."

Hiyo ndiyo desturi yao, haikwepeki. Watu wa redio hawaagani bila kuulizana antena. Na padri alimfundisha jambo moja kabla ya yote: hewani husemi uongo kuhusu mtambo wako, kwa sababu mwenzio ataujenga kwa maneno yako. Bakar alikuwa amedanganya kinyozini, amedanganya barazani, kitandani kwake mwenyewe amedanganya. Hewani, hata siku moja. Mdomo ukasema wenyewe.

"Nimeifupisha kwa vibiringo viwili vya koaksia. Waya wa televisheni. Ova."

Ikaingia sauti ya Nadir, imejaa furaha. "Kumbe ni ule mweupe niliompelekea mama? Mama, umemgawia fundi? Umefanya la maana sana. Ova."

Thelathini wakainua nyuso pamoja, wakautazama utepe ulioachia ukipepea. Bi Ghanima naye akainua. Akatazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu akaushusha uso, akaweka kikombe chini.

"Mjibu," akasema taratibu. "Mwambie nimekupa."

"Bi..."

"Mwanangu yuko mbali, usimtie mawazo. Sema nimekupa."

Bakar akabonyeza. "Mama amenipa," akasema. "Ova." Na uongo wake wa kwanza wa hewani ukaenda ukafika Maskati wazi kabisa, kwa sababu antena ilikuwa nzuri.

Angalitukanwa, angalipata pa kushika. Hawakumtukana. Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu kwa adabu, asante fundi, Mungu akuzidishie. Kashata zilibaki siniani. Hata Bi Semeni, ambaye hakuwahi kumeza neno toka azaliwe, aliinuka juu ya ndoo, akajipangusa, akapita bila kusema kitu. Hilo ndilo lililomwangusha Bakar kitako.

Bi Ghanima alikuwa wa mwisho. "Masheikh nitawaambia kesho wasome hitima ya wazee wangu," alisema. "Albadiri haina kazi tena. Lala salama."

Saleha aliviosha vikombe vyote thelathini na ushei kabla ya kumgeukia. "Mimi mwenzio," akasema, "sokoni nilimwambia mke wa Fanueli asinisogelee. Ulijua, ukaniacha nikamwambia." Akachukua mkeka, akaenda kulala na Rahila.

Asubuhi ya Ijumaa Bakar aliishusha antena. Akabandua utepe wote, akaukunjua waya, vipande vitatu vimejikunja kama mikia ya nguruwe, akavitia shingoni maana havikukubali kuviringika. Akaenda kwa Fanueli, aliyekuwa chini ya mwembe wake wa kazi, hana kazi, ananoa randa iliyokwisha kunolewa.

"Nimekuja kukuomba radhi," Bakar akasema. "Waya nilichukua mimi."

Fanueli akautazama ule mkufu wa ajabu. "Nimesikia. Jana magharibi nilikwisha kusikia. Watu watatu walipita kuniambia, lakini walipita haraka, na kwa sauti ndogo." Akaipuliza randa. "Sauti ya kuniita mwizi haikuwa ndogo vile."

"Nisamehe, bwana."

"Nimekusamehe, halafu iweje? Wewe uliyesamehewa unakwenda nyumbani. Mimi kitanda cha harusi kinamaliziwa Chumbageni." Halafu akacheka kidogo, bila furaha. "Si una redio, Bwana Bakar? Unatangaza mpaka Uarabuni. Tangaza na hapa Nguvumali."

Bakar alikwenda. Alifika kwa Bi Ghanima masheikh wamekwisha kuketi, ubani unafuka, viatu vimejaa toka kizingitini mpaka barabarani. Wanaume ukumbini, wanawake chumbani na uani. Kinyozi alikuwapo. Baba wa bi harusi alikuwapo. Akasimama mlangoni na waya shingoni, na sauti iliyozoea kwenda Bombei ikakataa kuvuka mkeka. Akakohoa. Akaanza upya.

"Waya wa Bi Ghanima niliuchukua mimi. Hakunipa. Fanueli hakujua lolote, na mimi nilijua kuwa hajui, nikaacha mmseme. Pale kinyozini nilisema Mungu ndiye ajuaye. Nilikuwa najua na mimi. Na vifaa vya Ulaya," akaushika waya shingoni, "hakuna aliyewahi kuniletea hata msumari."

Hapo mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Katika yote, hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi kulitamka, akajishangaa.

Bi Ghanima akatokea chumbani, ushungi umemteleza. Hakuwa na uso wa kusamehe, alikuwa amekasirika.

"Bakar, jana mimi nilikufunika."

"Ulinifunika, Bi. Shuka haikumfikia Fanueli."

Bi Ghanima akauvuta ushungi. Akageuka kwa baba wa bi harusi, akamtazama mpaka yule bwana akaanza kutafuta viatu vyake. "Kitanda kile," akamwambia, "kina miguu mitatu au minne?"

"Kwa sasa, Bi, ni mitatu."

"Basi kirudishe kwa aliyekianza, kabla msichana hajaanguka."

Hitima ikasomwa. Bakar aliisikiliza akiwa nje, juani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ingia, na yeye hakuona pa kuingilia.

Jioni Bi Ghanima alimtumia ujumbe: aje aunge waya, televisheni itoke uani. Vipande vitatu, maungio mawili, na la tatu la kuunganisha na waya wa mlingoti. Aliunga mbele ya watu wote, hakuna aliyezungumza naye ila kumpisha apite. Alitia uangalifu wote alionao, lakini koaksia iliyokatwa na kukunjwa haiwi tena kama ilivyokuwa. Picha ilikuja na chenga, kama mtu amemwaga chumvi juu ya kioo.

Fanueli naye alikuja, akaketi mbele, kiti alichopewa na Bi Ghanima. Alikaa mpaka mwisho, ingawa taarabu iliyokuwa ikionyeshwa hakuwa akiijali.

Watu wa redio wa Maskati walimwita Bakar hewani mwezi mzima, hawakumpata. Nguvumali walizoea chenga. Zilipozidi, wimbo ukamezwa, Bi Semeni hakuhangaika kutazama mlingoti wala upepo.

"Bakar huyo amekuja," alikuwa akisema, na wanawake wakicheka. Na Bakar, aliyekuwa akiketi nyuma kabisa karibu na viatu, alikuwa akiinuka kila mara, akipita katikati yao akiwa ameinama, kwenda kuyashika maungio kwa vidole mpaka picha itulie.